Bendera Iliyotafunwa Kona

Tormod Skarvik alikuwa mkweli kwa mdomo na mwongo kwa kalamu. Ukimuuliza jambo ana kwa ana, angeiva uso hadi masikioni na kukutolea ukweli wote, hata ule ambao hukuuomba. Lakini mpe penseli na karatasi, umwache kitandani kambini na buti amezivua, uone. Sungura aliyemwona akiwa lindoni aligeuka nguruwe mwitu, na barua iliyofuata yule nguruwe mwitu akawa na mke.

Si kwamba alipenda kudanganya. Alijua tu barua zake zinakwenda wapi. Kule kwao Skarvik, vijumba vichache vilivyobanana kati ya mlima na maji ya ghuba, barua ya kijana aliye jeshini haikuwa mali ya mtu mmoja. Kila Jumamosi mama yake, Gudveig, alitia kuni jikoni, majirani wakavua viatu mlangoni, wakajipanga kuizunguka meza, naye akavaa miwani na kuisoma barua kwa sauti, kuanzia tarehe juu hadi salamu kwa mbuzi chini. Mwaka ule wa arobaini na saba kahawa ilikuwa bado ya mgawo, na kila mgeni alikuja na yake kidogo ndani ya karatasi. Sasa mtu aliyetoa kahawa yake ya mgawo ili akusikilize, utamwambiaje kwamba juma zima umemenya viazi?

Maana kusema kweli ilikuwa viazi. Norwei ilikuwa imepeleka vijana wake Ujerumani wakae na kulinda nchi iliyoshindwa vita, wakapewa kipande cha milima ya Harz, na katika ulinzi huo wote Tormod akapangiwa jiko. Alimenya viazi asubuhi, akasugua masufuria mchana, na zamu ya lindo ilipomfikia alilinda ghala la viazi.

Na alikuwa na furaha isiyo na adabu. Alikuwa na miaka ishirini, hajawahi kuvuka mlima wa pili kutoka kwao, na sasa alikuwa na magwanda ya sufu ya Kiingereza, rafiki kitanda cha juu, na masika yanayomwaga maua kwenye kila mti wa mji ule mdogo. Alipiga mluzi akimenya. Wakati mwingine alitazama nje ya uzio, akaona madirisha yaliyozibwa kwa mbao na watu waliokonda wakisukuma vigari vya kuni, mluzi ukamfia mdomoni, akajionea haya. Kisha upepo ukaleta harufu ya maua, na midomo ikajikunja tena yenyewe.

Kulikuwa na amri moja tu aliyoichukulia kwa uzito kuliko amri zote za jeshi, nayo ilikuwa ya mama yake. Aliitoa gatini, boti ikiwa imeshaanza kutetemeka.

"Kula vizuri," Gudveig alisema. "Soksi badili zikilowa, usingoje zikauke mguuni. Na wale watu usiseme nao neno, Tormod. Hata moja. Wamezungumza vya kutosha nyumbani kwangu."

Kweli walikuwa wamezungumza. Miaka yote ya vita maafisa wa Kijerumani walikaa katika chumba chake cha wageni, wakaimba humo, na mkubwa wao akatundika koti lake kwenye msumari wa baba yake Tormod. Baba mwenyewe walimchukua kwa kosa la kuficha redio. Alirudi amani ilipokuja, na kikohozi, na kikohozi hicho kikammaliza masika yaleyale. Sweta lake la kijivu Gudveig alilikunja akaliweka kabatini, na hakuna aliyethubutu kuliuliza.

Halafu kulikuwa na bendera. Tarehe kumi na saba Mei ndiyo sikukuu ya taifa, na Wajerumani waliipiga marufuku pamoja na bendera yake. Gudveig akaificha yake ndani ya ukuta wa banda la mbuzi, nyuma ya ubao, na huko panya wakaitafuna kona moja. Amani ilipotangazwa akaipandisha ikiwa hivyohivyo. Watu walimwambia aikate iwe sawa, apige pindo jipya, ipendeze. Akawakata jicho. "Iacheni. Panya hao nao walikuwa vitani." Hivyo kila mtu pale ghubani aliijua bendera ya Skarvik kwa kona yake.

Tormod aliishika amri ya mama yake, kwa mdomo. Mikono haikuwa imetajwa.

Nyuma ya jiko la kambi kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio chumba kilichokuwa juu ya duka la mwoka mikate, na ndani ya chumba hicho aliishi bibi mmoja na mjukuu wake, wakimbizi wa Kijerumani kutoka mbali upande wa mashariki. Mjukuu aliitwa Traudi. Alikuwa na umri wa kama miaka sita, meno ya mbele hana, maneno yamejaa kinywani. Kila asubuhi alikuja akakamata waya kwa vidole na kuanza kuzungumza, na Tormod akakaa juu ya kreti akimenya, kimya kabisa, mtoto mtiifu wa mama yake. Lakini maganda yakaanza kunenepa. Siku ya kwanza yalikuwa na unene wa ukucha, juma lililofuata unene wa kidole, na yote, kwa bahati ya ajabu, yaliruka yakaangukia upande wa pili wa uzio, ambako Traudi aliyaokota na kuyatia kwenye sketi yake.

Sajini Hovland alisimama juu ya ndoo siku moja akakiinua kiazi kilichokwisha kumenywa. Kilikuwa kimebaki kadiri ya kokwa la plamu.

"Skarvik. Unamenya viazi au unavichonga?"

"Namenya, afande."

Sajini aliutazama uzio, akamtazama Traudi, aliyekuwa ameficha sketi nyuma ya mgongo. Uraiani Hovland alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka mingi, na aliijua sura ya mtoto mwenye kitu nyuma ya mgongo. "Basi menya," alisema, akaenda zake.

Kisha likaja jibini. Gudveig alituma kifurushi, na ndani yake, pamoja na soksi na mikate mikavu, kipande kikubwa cha jibini la mbuzi, lile la kahawia, tamu, lililochemshwa hadi likawa gumu kama tofali. Tormod alikata kipande kizuri, akakipitisha kwenye waya bila kusema neno. Traudi akakinusa, akakodoa macho, akakimbia nacho nyumbani.

Kesho yake alirudi amenuna. Aliinyoosha mikono kupitia waya, akaisugua kwa hasira, akaongea kwa kasi ya cherehani. Tormod hakuelewa kitu. Ikabidi aitwe Asbjørn, rafiki yake wa kitanda cha juu, kijana wa Bergen aliyejua Kijerumani kidogo na maneno mengi ya lugha zote.

Asbjørn alisikiliza hadi mwisho, uso mkavu. "Anasema sabuni yenu ni mbovu."

"Sabuni gani?"

"Ile uliyompa. Haitoi povu hata kidogo. Bibi yake alifulia blauzi yake ya kanisani, na sasa blauzi inanata, nyuki wanamfuata."

Tormod alicheka hadi akateleza kwenye kreti akakalia viazi. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na Asbjørn akashika ukuta, na Traudi akazidi kununa, mtu mzima aliyedharauliwa. Mwishowe Tormod akachukua kisu, akakata kipande kingine, akakila mbele yake, akitafuna polepole ili aone vizuri. Akampa naye. Traudi akaking'ata kwa meno ya pembeni. Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza tangu Tormod amjue.

Baada ya siku hiyo mtaa mzima ulipata habari kwamba kuna askari mwenye sabuni inayoliwa. Watoto walijipanga uzioni, wakubwa kwa wadogo, wakimwita Bwana Sabuni, na jibini la Gudveig likaisha kwa vipande vyembamba ambavyo ungeweza kuona jua kupitia kwavyo. Nyumbani Tormod aliandika hivi: "Jibini limefika salama na limesifiwa na wengi." Hakukuwa na uwongo ndani ya sentensi hiyo. Aliisoma mara mbili, akajipongeza.

Lakini katika barua hiyohiyo, kwa utamu wa kalamu, akaongeza chumvi. Aliandika kwamba tarehe kumi na saba kikosi kitapita katikati ya mji, kwa bendi na bendera, na kwamba pengine, nasema pengine, mama, yeye ndiye atakayebeba bendera mbele. Hakuna aliyemwambia hivyo. Mtu wa viazi habebi bendera. Lakini aliwawazia majirani wakiwa na vikombe hewani, akashindwa kujizuia.

Juma moja kabla ya sikukuu kikaja kifurushi cha pili, chepesi. Ndani mlikuwa na bendera. Ile. Na kijikaratasi cha mwandiko wa Gudveig, ulionyooka na kukazwa: "Ibebe hii. Ipite mbele ya macho yao. Nataka waione."

Kicheko kilimwisha Tormod siku nzima. Aliishika ile kona iliyotafunwa, akasikia harufu ya banda la mbuzi bado imo. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda kwa sajini.

"Afande, mama yangu ameleta bendera."

"Bendera tunazo, Skarvik. Mpya, kutoka Oslo."

"Ndiyo, afande. Hii imeliwa na panya."

Akaieleza. Hovland aliichukua, akapitisha kidole kwenye kona. "Utaibeba wewe," alisema. "Mbele. Na ukiiangusha nitakurudisha kwa mama yako kwa posta, bila stempu."

Asubuhi ya tarehe kumi na saba jua lilitoka kama limelipwa. Vijana walikula uji mzito wa krimu hadi vifungo vikalalamika, wakapiga buti rangi, wakavaa utepe wa rangi tatu kifuani. Asbjørn, aliyekuwa amejiingiza kwenye bendi kwa ujanja, alipuliza tarumbeta lake kwa nguvu zilizozidi ustadi. Tormod alitangulia na bendera ya mama yake kwenye mti mrefu wa ufagio wa jikoni, kwa kuwa mti mwingine haukupatikana, na alijiona amekua kimo.

Wakashuka barabara kuu. Buti zilikwenda sawa, bendi ikapiga, na nyuma ya mapazia watu wa mji walitazama bila kujionyesha. Waione, alikuwa amesema mama. Waliiona.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinakosekana, na kila aliyekuwa kwenye mstari alikihisi. Tarehe kumi na saba nchini kwao si siku ya askari. Ni siku ya watoto. Watoto ndio wanaotembea, shule kwa shule, bendera mikononi, wakipiga kelele za hura hadi sauti zinakauka, na watu wazima, hata maaskofu, wanasimama pembeni na kuvua kofia. Hapa kulikuwa na wanaume watupu, na tarumbeta likilia katikati ya kimya. Asbjørn mwenyewe alianza kupuliza kwa aibu.

Walipofika kwenye bwawa la chemchemi katikati ya mji, watoto wa mtaa wa mwoka mikate walikuwa wamekaa ukingoni wakining'iniza miguu. Walimwona Bwana Sabuni. Hiyo ilitosha. Waliruka chini wote kwa pamoja, wakajiunga nyuma ya kikosi, wa kwanza akipiga mfuniko wa sufuria, wa mwisho akivuta mdogo wake aliyekuwa analia kwa kukosa kasi.

Sajini Hovland aligeuka. Aliona kundi la watoto, nyuma kabisa, limevurugika, wanakanyagana, na bendi inapiga wimbo uleule aliotembea nao kila mwaka mbele ya shule yake. Mdomo wake ukafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Watoto mbele! Wawili wawili! Shikaneni mikono!"

Alisema kwa Kinorwei, na watoto wale hawakujua Kinorwei, lakini sauti ya mwalimu inajulikana kila mahali. Wakashikana mikono. Na kikosi kizima, vijana waliokuwa wamekulia kwenye desturi hiyohiyo, wakafanya ambalo miguu yao ilizoea tangu utoto: wakagawanyika katikati, kulia na kushoto, wakawapisha. Wengine walishaanza kuvua kofia. Watoto wa Kijerumani wakapita katikati ya jeshi la Norwei, wawili wawili, hadi mbele.

Hapo ndipo Hovland alipotambua amefanya nini. Akawa mweupe, kisha mwekundu. Alifungua mdomo arudishe amri, akawatazama watoto, akaufunga.

Traudi alikuwa mbele kabisa, bila mwenza, ubavuni mwa Tormod. Miguu yake ilikuwa mitupu ndani ya viatu vya mtu mkubwa. Aliitazama bendera juu, akainyoosha mikono yote miwili.

Tormod alimwona mama yake. Aliona chumba cha wageni, msumari, koti lisilo la baba. Aliona banda la mbuzi na ubao. Na papo hapo aliona jambo ambalo kila mtu wa kwao analijua bila kufundishwa: tarehe kumi na saba bendera ya mbele hubebwa na mtoto. Kama angefikiri, asingefanya. Hakufikiri. Aliushusha ule mti wa ufagio, akauweka mikononi mwa Traudi, akaushikilia kwa chini usimwangushe, na bendi ikalipuka.

"Hura!" akapiga kelele Asbjørn, tarumbeta mkononi.

"Hura!" wakajibu watoto, ambao neno hilo halikuhitaji mkalimani, na hawakunyamaza tena. Mapazia yakaanza kufunguka. Juu ya duka la mikate bibi mmoja mwenye blauzi iliyokunjamana alitoka nusu mwili dirishani. Kwenye ngazi za jumba la mji meja alikuwa amesimama kupokea saluti, na badala ya kikosi akaona mtoto asiye na meno akija na bendera iliyoliwa kona. Mkono wake ukapanda wenyewe, maana mkono wa askari haujui kutoipigia saluti bendera. Tormod alikuwa anacheka kwa sauti, amejisahau, hana kofia, hajui iko wapi.

Na mpiga picha wa gazeti la Bergen, aliyekuja kupiga picha ya ushujaa wa vijana wa nyumbani, alipiga goti barabarani na kupiga picha hiyo.

Jioni meja alimwita sajini. Hovland alitoka ofisini masikio yamemwiva. Wote walikuwa wanamsubiri.

"Amesemaje, afande?"

"Amesema mwakani tupange mapema."

Walimbeba juu. Lakini Tormod hakushangilia, kwa sababu ndipo alipolikumbuka lile gazeti. Lilifika Skarvik kila Alhamisi, na mama yake alilisoma hadi matangazo ya vifo.

"Nimekwisha," alimwambia Asbjørn. "Kona inaonekana. Ataijua kwa kona."

"Mwandikie mtoto ni wa kwetu. Binti wa meja."

"Meja hana mke."

"Basi hadithi imenoga zaidi. Mwandikie ni mtoto wa mfalme wa Uswidi amepotea njia. Bwana wee, wewe uliyemwoza nguruwe mke, leo kalamu imekauka?"

Ilikuwa imekauka kweli. Alianza mara nyingi, akachana. Kila uwongo alioujaribu ulipata chumvi vizuri, ukasimama, na hapo hapo akaiona miwani ya mama yake juu yake. Mwishowe aliandika kama anavyosema kwa mdomo. Kwamba anamenya viazi. Kwamba hajawahi kuona nguruwe mwitu. Kwamba jibini lilisifiwa na wengi kwa kuwa wengi walikuwa watoto wa Kijerumani, na wa kwanza wao alidhani ni sabuni. "Sijasema nao neno, mama, nimekutii. Lakini bendera nilimpa Traudi nikiwa na akili zangu, na sikujuta. Nilijuta baadaye, kwa ajili yako. Ukitaka nisirudi na hiyo bendera nyumbani, niambie. Barua hii isome peke yako kwanza." Alijua hatamsikiliza.

Jibu halikuja. Posta ilifika, ikaondoka, ikafika. Tormod akaacha mluzi, maganda yakaruka uzio kimya kimya. Traudi alizungumza peke yake, akimwangalia kwa wasiwasi.

Mwishowe ikaja barua, lakini ya dada yake, Sunniva, iliyoandikwa kwa haraka na madoa ya wino.

"Kaka, umefanya nini! Gazeti limekuja kabla ya barua yako. Mama aliijua kona kabla hajasoma neno. Akalikunja gazeti, akaenda kwenye banda la mbuzi, akakaa huko hadi nikaenda kukamua mwenyewe. Jumamosi watu wakaja, na barua yako imeshafika, tukadhani hataisoma. Aliisoma yote! Na viazi! Alipofika kwenye sabuni hakuna aliyethubutu kupumua. Mzee Anfinn akajaribu kuzuia kicheko, akapaliwa kahawa, ndipo wote wakaangua, mimi nilitoka nje. Mama hakucheka. Aliomba miwani ya baba, ile ya kukuza, akaitazama picha mpaka watu wakaenda. Hajasema kitu. Hata mimi simwelewi. Na usiku nasikia kabati linafunguliwa."

Tormod aliisoma barua ile akiwa juu ya kreti. Alitamani amwone mama yake uso kwa uso, amkemee, amchape hata, kuliko kabati.

Kifurushi kilikuja juma lililofuata. Asbjørn alisimama karibu, bila utani kwa mara ya kwanza. Juu kulikuwa na jibini, kubwa kuliko la kwanza, tayari limekatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja ndani ya karatasi yake. Chini yake kulikuwa na soksi. Ilikuwa moja, ndefu, ya mtoto, imefumwa kwa mkono. Nyuzi zake zilikuwa za kijivu na vidoa vya buluu, zimejikunja bado kwa umbo la mahali pengine zilipokaa miaka.

Tormod aliijua sufu ile. Akiwa mtoto alikuwa amelala mara nyingi kifuani mwa baba, shavu juu yake, wakirudi kutoka kuvua samaki. Mama yake alikuwa amelifumua sweta la baba.

Kijikaratasi kilikuwa kifupi.

"Mtoto yule anatembea miguu mitupu. Nimetazama kwa miwani ya kukuza, sijakosea. Nimefuma moja tu kwa kuwa mguu wake siujui, na sufu hii siwezi kuipoteza kwa kubahatisha. Nilikukataza usiseme nao. Sasa mwulize. Na mwambie, kwa jina la Mungu, kwamba ile si sabuni. Mama."

Tormod alikaa chini kwenye maganda, akalia na kucheka kwa zamu, na Asbjørn akageuka akawa anachunguza ukuta. Kisha Tormod akaruka. Alikwenda uzioni bila kofia, soksi mkononi, na Traudi alikuwepo, vidole kwenye waya, tayari na habari za siku.

Akafungua mdomo. Miezi yote ile alikuwa ameliweka neno la kwanza, na sasa aliporuhusiwa, hakujua hata moja la Kijerumani.

"Traudi," alisema.

Mtoto alikodoa macho. Kumbe anasema.

Mengine yalifanywa kwa mikono. Alimwonyesha avue kiatu. Aliingiza karatasi chini ya waya, ileile ya mama yake, upande usioandikwa, naye akaukanyaga kwa mguu mtupu, mchafu, wa baridi. Tormod akalala kifudifudi kwenye nyasi upande wake wa uzio, akapitisha mkono, akauzungushia penseli. Alipofika kwenye vidole mtoto akatekenywa, akapiga yowe la kicheko, mguu ukaruka, na mstari ukaenda kombo kwenye kidole gumba. Wakaanza upya. Ukaenda kombo tena palepale.

Hiyo ndiyo barua aliyoituma nyumbani. Jumamosi, Sunniva alimwandikia baadaye, Gudveig hakuwa na la kusoma. Aliizungusha karatasi mezani, na kila jirani akaweka kiganja chake juu ya unyayo ule, aone ni mdogo kiasi gani. Kisha akaichukua, akachomoa sindano zake, na mbele yao wote akaanza soksi ya pili.